Gumzo la Kikundi: WATOTO WA BIBI MWANAISHA

*Ijumaa*

Zuhura Houston: Asalaam aleikum. Suala la Nuru leo tulimalize. Anataka kusomea PA, ni kama afisa tabibu wa kwetu. Alama za darasani anazo. Saa za kumhudumia mgonjwa hana.

Zuhura Houston: Maombi mengi yanapitia CASPA, ule mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vya PA. Kule kumhudumia mgonjwa kwa mikono yako ni fungu lake, kazi nyingine za hospitali fungu lake. Kuna vyuo vinataka saa 500, kuna vya 1,000, kuna vya 2,000.

Idi: Kwani sasa hivi si yuko na daktari kutwa

Nuru: Naandika tu mjomba. Daktari anaongea na mgonjwa, mimi nachapa. Chuo ninachokitaka hakihesabu hizo kama kuhudumia

Idi: Andika ulimshika mgonjwa mkono 😂

Baba Salha: 😂😂😂

Zuhura Houston: Idi, chuo kinaweza kumpigia msimamizi wake. Usimfundishe mtoto uongo.

Zuhura Houston: Asomee CNA, yaani msaidizi wa muuguzi. Hapa Texas ni saa 100, 60 darasani na 40 kwa wagonjwa, halafu mtihani. Akifanya kazi saa 40 kwa wiki, saa 1,000 ni wiki 25. Nataka mtu wa kumpeleka darasani Jumamosi, mtu wa kukaa na wadogo zake, na mchango wa ada.

Zuhura Houston: Mmesoma wote, tiki za buluu naziona.

Salim: Ndio natoka zamu. Nuru, siku ya kwanza watakupa mzee wa kumhamisha kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Funga breki kwanza. Mvishe mkanda kiunoni, umshike hapo. Usimvute mikono kabisa, bega linatoka. Na wa kulala tu anageuzwa kila saa mbili, visigino uviangalie, vidonda vinaanzia huko

Nuru: Asante mjomba. Na zile saa za kumfuata PA nikitazama?

Salim: Hizo fungu jingine, usizichanganye. Kila wiki andika saa zako na jina la msimamizi. Ukisubiri mwisho utasahau

Asha Mama Nuru: Mimi la mchango linanitisha. Mwanangu asije akasimangwa. Minazi ya Pangani iliuzwa mtu akasome unesi, akaacha katikati, mpaka leo kimya.

Idi: Dada umeanza

Asha Mama Nuru: Sijamtaja mtu.

Idi: Baba aliugua mwaka uleule. Ulitaka nikae darasani?

Baba Salha: Jamani nani ana namba ya yule mpishi wa pilau ya harusi ya kina Mwajuma

Zuhura Houston: Shemeji, tafadhali!

*Jumamosi*

Mwajuma Tanga: Nimemsomea Bibi yote baada ya swala ya alfajiri. Kasema niandike hivi:

"Baba yenu alilala miezi, akageuzwa na vijana wa jirani. Pesa zenu zilifika. Mikono yenu haikufika. Nuru akajifunze. Na minazi niliuza mimi, ilikuwa yangu. Isitajwe tena humu."

Asha Mama Nuru: Tumesikia mama.

Idi: Nisamehe mama

Nuru: Shikamoo Bibi 🙏

Zuhura Houston: Basi Jumamosi ijayo nani anampeleka?

Salim: Nina zamu

Idi: Gari iko gereji. Nitatoa nusu ya ada

Asha Mama Nuru: Nusu ya shilingi ngapi? Bei yenyewe hatujaijua.

Salim: Ngojeni kwanza. Nyumba za wazee nyingi humfundisha bure wanayemwajiri. Nitaulizia kazini kwetu Jumatatu. Wakimchukua, ada haipo

Zuhura Houston: Uliza Jumatatu asubuhi Salim, sio jioni. Na wadogo zake?

*Jumapili*

Baba Salha: Nilikuwa safarini. Mimi na mama Salha tutakaa na watoto. Ni Jumamosi moja au zote?