Mwanangu anaongea na baba yake kwa kunong'ona, nyuma ya simtanki

Mama Wawili wa Tabata

Habari za usiku ndugu zangu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanijibu.

Mimi na mzazi mwenzangu tuliachana mwaka jana mwezi wa tatu. Yeye ni dereva wa ofisi, wakamhamishia Dodoma. Mimi nimebaki Tabata na watoto: wa kiume ana miaka tisa, yupo darasa la tatu, na wa kike ana mitano. Kilichotuachanisha sitaki kukieleza, kilishasemwa vya kutosha kwenye vikao vya ukoo.

Kilichonileta ni hiki. Jumapili nilikuwa naanua nguo uani nikasikia sauti nyuma ya simtanki. Ni mwanangu, kachuchumaa na simu ya dada wa kazi, ananong'ona. Anamwambia baba yake kang'oka jino. Jino lenyewe tulilirusha juu ya bati mimi na yeye siku tatu nyuma, kumbe habari alikuwa amemwekea baba yake akitafuta upenyo. Nikamuuliza kwa nini hakuomba simu yangu. Akasema, "Wewe mama ukimsikia baba unakunja uso." Sikuwa na jibu. Niliingia jikoni nikakoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa.

Na si uso tu. Mwezi wa nane baba yao hakutuma hela ya matumizi. Alipopiga nikamwambia, "Hela hakuna, watoto hakuna," nikakata. Mtoto alikuwa pembeni yangu anafanya hesabu za shule. Siku nyingine nilimtuma amuulize baba yake kama huyo mwanamke wake ndiye anayekula ada yao. Mtoto wa darasa la tatu. Na aliuliza kweli, kwa maneno yangu yaleyale.

Mdogo ndiye ananitisha zaidi, anaanza kumsahau. Baba yake anapiga saa tatu usiku akishapaki gari, yeye kalala. Wiki iliyopita walionana kwenye video, akamwita "anko".

Kurudiana sitaki. Nataka watoto wawe na baba yao bila kujificha. Likizo ya Desemba inakuja, anawataka Dodoma, na mimi usingizi sipati nikiwaza kwamba hatawarudisha. Mliopitia haya mlifanyaje?

Fundi wa Kibaha

Pole dada yangu. Mimi nilikuwa mtoto huyo, ila enzi zetu simu hapakuwa. Mama yuko Tanga mjini, baba Korogwe, mimi napanda basi kila likizo. Nikirudi mama ananihoji: nani alipika, wamenunua kitanda kipya? Nikienda baba naye: mama yako anatembelewa na nani? Nilipofika miaka kumi na moja nilishakuwa hodari wa kutunga. Kwa mama nasema kule nilishinda njaa. Kwa baba nasema mama anakusalimia. Wote wawili wakafurahi, na hakuna hata mmoja aliyejua mimi naishije.

Leo nina miaka arobaini na tatu. Mke wangu akiniuliza siku yangu ilikuwaje, kwanza napima anataka kusikia nini. Bado napambana nalo.

Muombe mwanao radhi kwa maneno yanayosikika: nilikosea kukutuma, maneno ya wakubwa nitayasema mwenyewe. Na akirudi kutoka Dodoma usimhoji. Mpe chakula, mwache aoge. Akitaka kusimulia atasimulia.

Baba K

Mimi sikubaliani na kumbebesha dada lawama zote. Mwanaume asiyetuma hela anataka kuongea na mtoto kuhusu nini? Ada inalipwa kwa salamu? Atimize wajibu wake kwanza.

Bi Ustawi

Baba K, uchungu wako naujua, nimekaa ofisi za ustawi wa jamii miaka mingi na maneno hayo nimeyasikia kila wiki. Lakini unamnyima nani? Matumizi ni haki ya mtoto, na kumwona baba yake ni haki ya mtoto pia. Baba akikosa kutoa la kwanza, ukamnyang'anya mtoto la pili, mtoto amepoteza yote mawili. Hela idaiwe kwa njia yake: ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na ikishindikana, mahakamani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 26, inasema mtoto ambaye wazazi wametengana ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine anapotaka, ilimradi isivuruge masomo. Soma vizuri, mwenye haki hapo ni mtoto. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanza na dhana kwamba aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kukiwa na sababu. Kwa hiyo mama, hofu yako ya kunyang'anywa mdogo ipunguze kidogo.

Nendeni mkaandikishane mbele ya afisa ustawi: tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi, nani anawasindikiza, nani analipa nauli. Kila mmoja abaki na nakala. Tiketi za kurudi zikatwe mapema. Halafu tafuteni mtu mzima anayeaminiwa na pande zote mbili, watoto wapokelewe kwake. Makabidhiano ya getini nimeyaona yakigeuka ugomvi, watoto wamesimama katikati na mabegi mgongoni.

Dereva wa Singida

Mimi ni baba wa mbali kama huyo. Saa tatu usiku haifai kwa mtoto wa miaka mitano. Mimi nilihamia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanangu wakinywa chai. Dakika tano tu, ila kila siku. Siku nikiwa barabarani naacha sauti ya WhatsApp, nawaelezea ninachokiona: ng'ombe kavuka, mvua imeanza. Mama yao anawawekea wanasikiliza.

Mama Wawili wa Tabata

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Baba K, ulichoandika ndicho nilichokuwa najiambia mwaka mzima, nakuelewa.

Mtu wa katikati yupo: mama mkwe wangu, anakaa Kihonda, Morogoro. Tangu tuachane sikuwahi kumpigia. Jana nikajikaza. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, nilidhani umeniacha na mimi." Tulilia wote. Nitawapeleka kwake kwa treni ya SGR, kutoka Dar ni kama saa mbili, na baba yao atawafuata hapo. Kurudi vivyo hivyo. Jumatatu naenda ustawi tuandikishane, na baba yao kakubali.

Mwanangu nimemuomba radhi. Aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kuchora.

Leo asubuhi baba yao kapiga, saa kumi na mbili na nusu. Nilimpa mdogo kwanza, akamwonyesha viatu vyake vya shule, kimoja kimoja. Kisha nikampa kaka yake. Akaichukua simu, akatoka nayo hadi nyuma ya simtanki vilevile. Nimemwacha. Alipoenda shule nikamwekea kigoda pale.