Vipele vinavyowasha usiku na kuenea nyumba nzima: ni joto, fangasi au upele?

Mama wa Mbagala

Ndugu zangu, salaam. Mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 11 alirudi kutoka shule ya bweni mwezi uliopita akiwa anajikuna mikono, nami nikadhani ni harara, kwa kuwa joto la Dar es Salaam msimu huu halimwachi mtoto yeyote. Nikawa namwogesha maji ya baridi na kumpaka poda. Baadaye nilikwenda duka la dawa la jirani, nikapewa krimu ya mchanganyiko, ile inayosemekana kutibu fangasi, bakteria na mwasho kwa pamoja. Mwasho ukapungua kwa siku chache, kisha ukarudi kwa nguvu zaidi. Sasa mdogo wake anayelala naye kitanda kimoja ameanza kujikuna, na mimi mwenyewe tangu juzi nawashwa kiunoni, hasa nikishazima taa. Vipele ni vidogo, vimejaa katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na kwa kijana vipo hata sehemu za siri, jambo ambalo alilificha kwa aibu. Naomba kujua huu ni ugonjwa gani na tutumie dawa ipi.

Mfamasia wa Temeke

Pole sana, mama. Ngozi ni lazima ionwe na mtaalamu, lakini maelezo yako yanaelekeza moja kwa moja kwenye upele, ule unaosababishwa na kijidudu cha jamii ya utitiri ambacho jike lake huchimba vijia chini ya ngozi na kutaga mayai humo. Harara hutokea shingoni, mgongoni na kwenye mikunjo inayotoa jasho, na hutulia mwili ukipoa. Haimwambukizi mtu mwingine. Fangasi, yaani mapunye, kwa kawaida huwa duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, huku katikati pakianza kupona. Mwasho unaozidi usiku, vipele katikati ya vidole, kiunoni na sehemu za siri, na watu wawili au watatu wa nyumba moja kujikuna kwa pamoja, hiyo ndiyo sura ya upele.

Krimu hiyo naomba uiache leo. Nyingi za aina hiyo zina steroidi kali, ambayo hutuliza mwasho na kubadili sura ya vipele bila kuua kijidudu, hata daktari akaja kushindwa kuutambua ugonjwa. Inaniuma kuona zinavyouzwa kama mafuta ya kawaida.

Dawa iliyozoeleka kwetu ni benzili benzoeti ya asilimia 25, ambayo madukani huitwa BBE. Oga, jikaushe, subiri mwili upoe, kisha paka kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na chini ya kucha na katikati ya makalio, wala si kwenye vipele peke yake. Huachwa mwilini saa 24, na ukinawa mikono unaipaka tena. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 12 huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, kwa sababu inachoma, hasa penye michubuko. Permethrini ya asilimia 5 haichomi sana: hupakwa jioni, huoshwa asubuhi, na hurudiwa baada ya wiki moja.

Mkiona usaha, homa, uso kuvimba au mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, nendeni hospitali bila kungoja, kwa maana bakteria wanaoingia kwenye michubuko ya upele wanaweza kusababisha madhara kwenye figo.

Baba wa Tabata

Mama, mimi nilimtibu mwanangu peke yake mara tatu na mara tatu upele ukarudi, kwa sababu dada wa kazi na bibi yao walikuwa hawawashwi, nikaona hakuna haja ya kuwapaka. Zahanati ndiyo iliyonieleza kwamba anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa hata wiki nne hadi sita bila mwasho, huku akiwaambukiza wengine. Tulipojipaka sote usiku mmoja, tukafua shuka na nguo za siku zile kwa maji ya moto na kuzianika juani, ndipo ulipokwisha. Mablanketi yasiyofulika tuliyafunga kwenye mfuko wa plastiki kwa siku nne, kwa kuwa kijidudu hicho hakiishi siku nyingi nje ya mwili wa mtu.

Mama wa Mbagala

Ahsanteni sana. Kesho nitawapeleka watoto kituo cha afya, na shuleni nitatoa taarifa ili wenzake wa bwenini nao watazamwe. Ninaye pia mdogo wangu hapa nyumbani mwenye ujauzito wa miezi mitano, ambaye hawashwi. Je, naye apake?

Mfamasia wa Temeke

Naye atibiwe usiku huohuo, ila asimeze vidonge vya ivermektini, dawa nyingine ya upele, kwani havitolewi kwa mjamzito wala kwa mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15. Permethrini au marhamu ya salfa humfaa zaidi. Aambatane nanyi kesho ili mhudumu amchagulie. Mwasho ukiendelea wiki mbili au tatu baada ya dawa msishtuke wala msipake kila siku, kwa sababu ngozi bado inapambana na mabaki ya vijidudu vilivyokufa. Vikitokea vipele vipya baada ya mwezi, rudini mkaangaliwe.