GP (daktari wa familia) kumfuta mgonjwa kwenye orodha yake: je, barua ya "uhusiano umevunjika" inatosha?

Wakuu, hasa mlioko Uingereza, hebu tulijadili hili.

Jirani yangu, mama wa Mombasa mwenye kisukari, kaletewa barua na kliniki yake. Mistari minne. Uhusiano kati yake na kliniki umevunjika kiasi cha kutorekebishika, atafute GP mwingine. Basi. Kosa lenyewe halikuandikwa. Anachokumbuka ni siku aliyopiga simu kuanzia saa mbili asubuhi, akakaa kwenye foleni mpaka nafasi zikaisha, akamfokea dada wa mapokezi. Na mama huyu hata akikusalimia utadhani anagomba.

Kanuni za mkataba wa GP hapa England zinataka kliniki iwe imekuonya ndani ya miezi 12 kabla ya kukufuta, na sababu ikupe kwa maandishi. Haziruhusu kukufuta kwa ajili ya rangi, dini, umri, ulemavu wala maradhi yako. Baraza la madaktari, GMC, nalo linasema daktari asimwache mgonjwa kwa kuwa tu amelalamika au matibabu yake ni ghali. Jina linatoka orodhani siku ya 8 baada ya NHS (huduma ya afya ya umma) kupokea ombi, au mapema zaidi ukipata GP mwingine.

Ila soma hadi chini. Onyo linaweza kurukwa kliniki ikiona halifai au haliwezekani. Na ikiona haifai kutaja sababu mahususi, inaruhusiwa kuandika tu kwamba uhusiano umevunjika. Mimi nasema ruhusa hiyo ifutwe. Asiyejua kosa lake atajitetea vipi?

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza: Niko mapokezi kwenye kliniki, najua nitawaudhi. Anayepiga au kutishia anaitiwa polisi na kuondolewa papo hapo, kisha anahudumiwa chini ya mpango maalumu. Wanaotuchosha ni wa matusi ya kila wiki. Ukiandika kila neno kwenye barua, anajua nani kamshtaki, na jioni mnakutana kituo cha basi. Halafu muulize huyo mama vizuri. Wazee wetu wengi barua za Kiingereza zinarundikana juu ya friji zikimsubiri mtoto aje kusoma.

Mchangiaji wa pili: Siasa baadaye, kwanza insulini isikatike! Aombe dawa kabla siku 8 hazijaisha, ajiandikishe kwingine leo. Asikubali kukataliwa kwa kukosa pasipoti au bili ya anwani, si masharti hayo. Kisha aombe nakala ya faili lake, ni bure. Kliniki inatakiwa kuweka kwa maandishi tarehe ya onyo, na kama haikuonya, kwa nini. Akitaka kulalamika, aandikie kliniki au bodi ya afya ya eneo lake (ICB), ambayo tangu Julai 2023 ndiyo inayopokea malalamiko haya. Wakimzungusha, aende kwa Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko.

Mchangiaji wa tatu: Huku Dar ukikorofishana na daktari unavuka barabara, unaingia zahanati nyingine na hela yako. Mnalilia orodha?

Mleta mada: Wa Dar, hiyo "hela yako" ndiyo shida yenyewe. Huku kumwona bingwa mara nyingi lazima upite kwa GP, na GP ni bure ukiwa na pa kujiandikisha.

Dada wa mapokezi, suala la usalama wenu nakuelewa, lakini tarehe na kitendo vinaweza kuandikwa bila jina la mtu. Na hilo la friji ndilo linanipa swali: faili la mama limeandikwa kabisa kwamba anahitaji mkalimani. Barua ya onyo ikitumwa kwake kwa Kiingereza, kliniki yenu ingehesabu kuwa ameonywa?