Kitanda ndani ya gari la siti 7 bila kutoboa sakafu: naomba vipimo

safari_ndefu:
Wadau habari. Nataka kuweka kitanda kwenye gari la familia, la siti 7, tukalale humo usiku 3 au 4 mfululizo. Ni watu wazima wawili na mtoto wa miaka 5. Siti zikilazwa hazikai sawa: zinateremka kuelekea mbele, na kati ya siti za kati na za nyuma pana pengo la kama sm 12. Siti za mbele zikisukumwa hadi mwisho napata urefu wa sm 192. Upana kati ya yale matuta ya tairi za nyuma ni sm 108, juu ya matuta ni kama 126. Sakafu hadi dari ni sm 112. Nimefikiria kununua godoro la hewa nitandike juu ya siti, yaishe. Au nijenge kabisa? Kutoboa bodi sitaki.

mbao_na_msasa:
Godoro la hewa halinyooshi mteremko, linaufuata tu. Mtaamka wote mmejikusanya upande mmoja, na pale kwenye pengo litazama. Jenga.

Bahati yako, vipimo vyako vinakaa vizuri kwenye plaiwudi moja ya mm 12, ile ya sm 122 kwa 244. Kata vipande 3 vya sm 63.5 kwa 122. Usikate 64 kamili, maana mara tatu ni 192 kamili na kingo zitahitaji nafasi ya zulia. Kipande kitakachobaki, cha sm 50 na kitu, kitunze, kina kazi.

Ili utumie upana wote wa 122, uso wa kitanda lazima upite juu ya matuta ya tairi na juu ya siti zilizolala. Pima sehemu iliyoinuka kuliko zote, ongeza sm 2, hapo ndipo chini ya fremu yako. Kukaa wima kitandani sahau: mtu mzima akikaa anahitaji karibu sm 90, na dari yako ni 112 kabla hujatoa kitanda na godoro.

Plaiwudi ya mm 12 peke yake itapinda ikibeba watu wawili. Chini ya kila kipande weka mbao 3 za inchi 2 kwa 2 zinazokwenda upande wa sm 122: mbili kwenye kingo, moja katikati. Gundi ya mbao kwanza, kisha skrubu za mm 40 kila baada ya sm 20. Toboa kwanza kwa keekee, la sivyo mbao ya kingo itapasuka. Miguu ni 6 kwa kila kipande: mbao za kingo kila moja ipate mitatu, ncha mbili na katikati. Ifunge kwa bolti za mm 8 zinazopita ubavuni, kwa sababu skrubu iliyoingia kwenye kichwa cha mbao inafuata nyuzi na kung'oka baada ya mitikisiko michache. Hapo wengi ndipo wanapokosea, kitanda kinaanza kucheza usiku wa pili.

Sakafuni usipeleke skrubu hata moja. Chini yake kuna tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya. Fungia mikanda ya mizigo kwenye pete zilizopo tayari. Gari likitembea, vipande vipangwe nyuma na kufungwa, abiria wakae kwenye siti na mikanda yao. Juu ya mbao asikae mtu.

turubai_kijani:
Niongezee upande wa godoro. Sponji ya sm 10, yenye uzito wa kilo 30 au zaidi kwa mita ya ujazo. Ile nyepesi inaonekana nene dukani, lakini ukilala ubavu nyonga inagonga ubao. Kuijaribu ni rahisi: iweke sakafuni, piga goti moja juu yake kwa uzito wako wote. Ukiisikia sakafu, iache. Kata vipande 3 kwa kisu cha mkate. Viungo vitaangukia sm 64 na 128 kutoka kichwani, yaani kiunoni na chini ya magoti, nyonga inabaki katikati ya kipande.

Tatizo la usiku 3 au 4 ni unyevu. Pumzi na jasho vinapenya godoro, vinakutana na ubao wa baridi, vinageuka maji. Msipoangalia, ukungu utaanza chini ambako hamuuoni. Toboa matundu ya mm 35 kwenye plaiwudi kila baada ya sm 15, yakwepe mbao za chini, na kila asubuhi simamisha godoro. Usiku acha madirisha mawili ya pande tofauti wazi sm 2 au 3, na chandarua juu yake. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa limebaki majivu ya moto, na injini isiachwe ikiunguruma. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu.

safari_ndefu:
Shukrani sana. Kwenye sm 122 watatu hatuenei. Mtoto alale wapi? Na hizo mbao hazitapiga kelele?

mbao_na_msasa:
Kelele ni mbao kusugua mbao au chuma. Gundisha vipande vya zulia kuukuu kila zinapogusana, na raba chini ya miguu.

Mtoto alale mbele, kwa kukingama siti mbili. Hapo ndipo kile kipande kilichobaki kinaingia: kipitishe juu ya breki ya mkono, kikalie siti zote mbili, na sponji juu. Kiwe kinaondoka kwa mkono mmoja. Ufunguo utoe kwenye swichi, na tairi uziwekee kabari, maana mtoto akigeuka usingizini anaweza kugusa gia au breki.

Miguu ikate ndefu kwa sm 1 kuliko kipimo, kisha iingize ndani ya gari likiwa pahala tambarare na uipunguze mmoja mmoja kwa kutumia pima maji. Mkifika kambini na ardhi imeinama kidogo, vichwa vielekee upande wa juu.