Dumu la petroli zima, kifuniko hakuna: nini kinabana kweli?

Mwenye Msumeno

Wakuu, salaam. Nina dumu jekundu la plastiki la lita 20, natilia petroli ya jenereta na ya msumeno wa kukatia miti. Dumu lenyewe halina hata mkwaruzo. Lilikuja na mdomo wa kumiminia wenye springi, ule unaousukuma ndipo mafuta yatoke, na springi yake imekatika. Kifuniko cha kawaida nilikuwa nacho. Mara ya mwisho kukiona nilikiweka juu ya paa la gari, nikaondoa gari.

Nimeshahangaika hivi. Kifuniko cha dumu la mafuta ya kula kinaingia mzunguko mmoja na nusu, kisha kinaruka thredi. Mfuko wa nailoni na rababendi: asubuhi nailoni imelegea kama mchicha uliochemshwa, na stoo nzima inanuka. Halafu nikapata kifuniko cha dumu la maji kinachoingia hadi mwisho bila taabu, nikashangilia. Nikalaza dumu ubavu, kinavuja. Nikakata duara la tyubu ya baiskeli nikaliweka ndani kama wosha. Siku mbili kimya. Siku ya tatu nafungua, duara limevimba na kujikunja kama uyoga, na kuvuja kumezidi. Tepu nyeupe ya mafundi bomba nimezungusha mpaka vidole vimeuma, hakuna tofauti.

Mke wangu ameshatoa hukumu: ama dumu litoke stoo, ama mimi nihamie stoo nikalale nalo.

Naomba kujua, kuna kifuniko kinachouzwa peke yake? Nitajuaje kitanifaa kabla sijakilipia? Na hili ndilo linaloniumiza kichwa: kwa nini kile kinachoingia hadi mwisho bado kinavuja?

Spana Kumi

Kabla ya kifuniko, mkuu, hiyo stoo ina nini kingine? Hita ya maji ya gesi? Friji? Hata swichi ya taa? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Haupandi ukatokea dirishani, unatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika mpaka ukutane na mwali au cheche. Na usijidanganye na usiku wa baridi, maana petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Shemeji yuko sahihi kuliko wewe. Litoe leo, likae kivulini mbali na nyumba, kisha endelea kusoma.

Haya. Thredi haizibi chochote. Kazi yake ni kukivuta kifuniko chini tu. Kinachoziba ni ule mpira wa ndani unapokandamizwa juu ya ukingo wa mdomo. Ndiyo maana tepu haikukusaidia: kwenye mabomba thredi huchongwa kwa mteremko, kadiri unavyozungusha zinazidi kubanana, na tepu inajaza mianya iliyobaki. Shingo ya dumu imenyooka. Hata ukimaliza roli zima, mvuke utapita.

Kile kifuniko chako cha maji kinafika mwisho, lakini mwisho gani? Nadhani sketi yake, yaani ukuta wake wa pembeni, inagota kwenye bega la dumu, pale shingo inapoanzia, kabla mpira haujaufikia ukingo. Mkononi unahisi kimekaza, kumbe mpira unaelea. Paka ukingo chaki, funga, fungua, tazama ndani ya kifuniko. Ukiona duara kamili, kinagusa. Duara likikatika, hapo ndipo panapovuja. Usipoona chaki kabisa, hicho kipe dumu la maji.

Ukitaka kununua, pima vitu vitatu kwa kaliperi, siyo rula: kipenyo cha nje cha thredi, umbali kutoka kilele cha uzi mmoja hadi kilele cha unaofuata, na urefu wa shingo kutoka ukingoni hadi begani. Watu hupima kipenyo tu kisha wanalalamika, na hicho cha urefu ndicho kilichokuponza wewe. Madumu ya viwandani yale ya kupangana huwa na saizi za kawaida, utasikia DIN 51 na DIN 61 (DIN ni viwango vya Kijerumani), hizo vifuniko vyake havisumbui. Madumu mekundu ya petroli kila kiwanda na shingo yake. Geuza lako usome jina lililochapwa chini. Mara nyingi kiwanda kimoja hutumia shingo ileile kwa dumu dogo na kubwa, kwa hiyo kifuniko cha lile la lita 10 kinaweza kuwa ndugu halisi wa ulichopoteza.

Bi Maabara

Spana amemaliza habari ya shingo, mimi niseme ya mpira kwa sababu hiyo tyubu ya baiskeli imenichekesha. Tyubu ni mpira wa butili. Inazuia hewa vizuri sana, ndiyo kazi yake, lakini petroli inaingia ndani yake na kuivimbisha kama mkate kwenye chai. Mpira wa asili nao ni hivyohivyo, EPDM, mpira mwingine wa kiwandani, ni hivyohivyo, na gundi ya silikoni ambayo najua ndiyo ungeijaribu wiki ijayo, vilevile. Unataka mpira wa naitraili, ule unaoandikwa NBR. Ikiwa petroli yako imechanganywa ethanoli na itakaa miezi, mpira wa aina ya FKM ni bora zaidi ingawa ni ghali. Wosha au oringi (pete ya mpira) ikiuzwa bila kuandikwa ni mpira gani, iache. Rangi nyeusi haikuambii kitu, karibu zote ni nyeusi.

Jambo la pili, usijaze mpaka shingoni. Petroli hutanuka karibu sehemu 1 kwa kila 1,000 kwa nyuzi moja ya joto. Lita 20 zikitoka nyuzi 15 asubuhi hadi 35 mchana, zinaongezeka kama mililita 400, karibu nusu lita. Zikikosa nafasi zitatafuta njia, na kifuniko ndiyo njia rahisi. Dumu kuvimba kidogo juani si ugonjwa, ni dalili kwamba linabana. Fungua taratibu tu litoe pumzi.

Na ukitazama ndani ya mdomo ukakuta kijiwavu, tafadhali kiache. Kinazuia mwali usiingie ndani ya dumu. Watu wanakichomoa eti kinachelewesha mafuta. Kifuniko kikigonga kijiwavu, basi kifuniko ndicho kibaya.

Una watoto nyumbani? Marekani tangu sheria ya 2008 vifuniko vya madumu ya petroli lazima viwe vya kumshinda mtoto kufungua, vile vya kubonyeza ndipo uzungushe. Kifuniko cha kawaida hakina kinga hiyo, kwa hiyo urefu wa rafu ndiyo kinga yako.

Chuma Tu

Mnahangaika na plastiki ya nini? Wajerumani walimaliza mjadala huu tangu 1937: dumu la chuma la lita 20, mipini mitatu, kifuniko cha mkono wa kubana, thredi hakuna. Waingereza walilinakili vitani na kuliita jina walilokuwa wakiwaita adui zao, Jerry, ndiyo hiyo jerikeni yetu. Mpira wake ukichoka unabandua, unaweka mwingine, dakika moja.

Spana Kumi

Chuma Tu, kweli, ila hajauliza dumu gani anunue. Na la chuma likikaa na maji kidogo ndani linaota kutu, kisha kutu yote iko kwenye kabureta ya msumeno.

Mwenye Msumeno

Wakuu nimerudi, wiki mbili baadaye.

Chaki ilinitoa ushamba. Kwenye kifuniko cha maji hapakuwa na alama hata nukta. Kaliperi ikaeleza: shingo ya dumu ina milimita 19 kutoka ukingo hadi bega, sketi ya kifuniko ina 22. Nimekuwa nikikaza plastiki juu ya plastiki muda wote huo.

Nilisoma jina la chini, nikapata kifuniko cha dumu la lita 10 la kiwanda hichohicho, cha kubonyeza na kuzungusha, mpira umeandikwa NBR. Kikaingia. Chaki ikatoka duara, lakini limekatika sehemu moja, kama kucha hivi. Nikapitisha kidole ukingoni nikakuta kijinundu, mabaki ya plastiki ya kiwandani. Kumbe hata kifuniko cha asili labda kilikuwa kinapumua na mimi sijui. Nikamwaga petroli yote kwenye tangi la jenereta na dumu la kuazima, nikaosha kwa maji ya sabuni, nikaliacha wazi nje siku tatu, ndipo nikasugua kile kijinundu kwa msasa laini, polepole. Duara likatimia.

Jaribio la kwanza nilitia maji, nikalipindua juu ya gazeti usiku kucha. Gazeti kavu. Lakini petroli ni nyepesi kuliko maji na mvuke wake haulowanishi gazeti, kwa hiyo baada ya kulikausha nilitia lita 18 za petroli nikalining'iniza kwenye mizani ya kupimia mabegi: kilo 14.4. Baada ya siku saba, kilo 14.4. Mizani hiyo haioni gramu chache, najua.

Bi Maabara

Gramu chache zinapotea hata kifuniko kikiwa kamili, zinapenya kwenye plastiki yenyewe. Kiwango cha Marekani kinaruhusu gramu 0.3 kwa galoni (lita 3.8 hivi) kwa siku, maana yake dumu kama lako linaweza kupoteza gramu 10 hivi kwa wiki na bado likahesabika zima. Wewe umefaulu.

Mwenye Msumeno

Asante dada, asante Spana. Kifuniko nimekitoboa kisikio kwenye sketi, pembeni kabisa mbali na mpira, nikakifunga kwa kamba kwenye mpini. Dumu liko nje kwenye kibanda chenye matundu ya hewa, juu ya rafu. Stoo imeacha kunuka, ila hukumu ya mke wangu bado haijafutwa rasmi.