Tupeane uzoefu: spoti za milango miwili zinazovuta tairi zote nne, kwa barabara zetu za Tanga

Wakuu, habari za jioni. Niko Chumbageni. Nimeendesha RAV4 muda mrefu, sasa nataka gari ya roho yangu. Ninazozitazama ni Audi TT quattro na Audi A5 quattro (quattro ni jina la Audi la kuvuta nne), na kuna jamaa ananivutia kwenye Toyota Celica GT-Four. Ya kuvuta nyuma peke yake sitaki, maana safari zangu kubwa ni Lushoto kwa wakwe, na kupanda kutoka Mombo wakati wa masika mnakujua: lami nyembamba, kona juu ya kona, maji yanashuka na udongo wake. Mliozimiliki na mafundi mliozishika, leteni mliyoyaona wenyewe. Inakaaje kwenye kona? Spea mnapata wapi? Na siku ya kuuza mlirudisha kiasi gani?

Mkonge wa Pongwe:
TT 1.8 turbo nimekaa nayo. Kwanza mkuu, usinunue jina. Si kila TT inavuta nne. Za kizazi cha pili, zile za kuanzia 2006, zipo nyingi za 2.0 zinazovuta mbele tu. Inama uangalie chini: kama huoni propela shafti, ile nondo ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, na difu ya nyuma inayoigawa kwa tairi, hiyo si quattro hata kama imebandikwa kibati.

Pili, quattro ya TT si quattro ya A5. Injini ya TT imekaa kwa upana, nguvu inaanzia mbele, halafu kuna klachi ya Haldex karibu na difu ya nyuma inayozipa tairi za nyuma kazi pale zinapohitajika. Ukiingia kona yenye maji kwa pupa, pua inataka kutoka nje. Ukipunguza mapema, ukageuza, ndipo ukakanyaga mafuta, inang'ang'ania lami mpaka unafurahi. Ni fupi, inageuka upesi, na kwa zile kona za kupanda Lushoto sijaona raha kama ile. Haldex ina oili yake na filta yake, tofauti na ya gia boksi, na wauzaji wengi hawazigusi kabisa. Ukinunua, anza na hizo.

Ukipata ya mwanzo kabisa, ya 1998 au 1999, angalia kama ina kibawa kidogo kwenye buti. Audi waliziita zirudi baada ya ajali za mwendo mkubwa Ulaya, wakaongeza kibawa na mfumo wa ESP, wa kuzuia gari kupoteza mwelekeo.

Babu Selika:
Kijana, huyo jamaa yako anakushauri vizuri. Celica GT-Four ilishinda Safari Rally 1990 mikononi mwa Björn Waldegård, kisha ikashinda mfululizo kuanzia 1992 mpaka 1995. Ya 1994 aliichukua Ian Duncan, Mkenya. Sisi tuliokuwa tukifuatilia kwenye redio bado tunaipenda kwa ajili hiyo.

Yangu ilikuwa toleo la ST185. Haina haraka ya kukusaidia kama magari ya siku hizi, inataka dereva, lakini kwenye vumbi inatulia ajabu. Injini 3S-GTE ni ndugu wa 3S ambazo mafundi wetu wamezifungua tangu zamani, kwa hiyo hutakosa mtu wa kuishika. Shida ni vitu vya bodi, taa na vioo. Ukienda kwenye toleo lililofuata, ST205, kuna saspensheni ya mbele ya Super Strut, ambayo vipande vyake ni ghali na havifanani na vya Celica za kawaida. Bei haishuki kama ya gari nyingine, maana wanaozitafuta ni wengi na zilizobaki nzima ni chache. Niliyonunulia ndiyo niliyouzia.

Mama Wawili Raskazone:
Mimi nina A5 ya 2.0. Kaka, kama una watoto usihangaike na TT, siti zake za nyuma ni za kuwekea mikoba. Kwenye A5 wangu wawili wanakaa hadi Korogwe bila ugomvi.

Yangu injini imekaa kwa urefu na katikati kuna difu ya Torsen, chuma kwa chuma, tairi zote zinafanya kazi muda wote. Kawaida asilimia 40 ya nguvu inakwenda mbele na 60 nyuma. Kwa hiyo huisubiri iamke. Kwenye mvua kati ya Segera na Muheza, wakati malori yanakurushia maji kiooni, ninachokipenda ni ule utulivu. Ila ni nzito kuliko TT, na kwenye kona za kubana uzito unausikia.

Thamani inashuka upesi, sitakudanganya. Na ukiagiza, fungua kikokotoo cha TRA kabla ya kuipenda picha. Ya 2.0 ni CC 1984, ya 3.2 ni CC 3197, na ikishapita CC 2000 inaingia kundi la juu la ushuru wa bidhaa. Gari ikiwa na umri mkubwa kuna ushuru wa uchakavu pia, na hiyo ndiyo inayoumiza Celica.

Kijana wa Kange:
Vipi Subaru BRZ wakuu? Subaru si zote zinavuta nne?

Fundi Ngamiani:
Hiyo inavuta nyuma tu, kama pacha wake Toyota 86.

Mleta mada, mimi nitasema la tairi, kwa sababu ndilo linaloua haya magari hapa mjini. Nililetewa Subaru Impreza ya turbo iliyotoka kununuliwa kwa dalali. Muuzaji alikuwa amefunga tairi mbili mpya mbele ili ipendeze, nyuma akaacha zilizokwisha. Tairi mpya na kipara mzunguko wake haulingani, kwa hiyo shafti ya mbele na ya nyuma zinapishana mwendo hata barabara ikiwa imenyooka. Difu ya kati ya kimiminika ikapata moto mpaka ikakaza. Mwenye gari akikata kona taratibu, inabana na kuruka kama mtu ameshika breki. Tairi nne ni nne: saizi moja, aina moja, kuisha kunakolingana. Kama bajeti yako haina tairi nne kwa mpigo, bado hujafika kwenye gari hizi.

Na kushuka kutoka Lushoto, kuvuta nne hakukusaidii kusimama. Breki ni zilezile. Shuka na gia.

Mleta mada:
Asanteni sana, nimeelemea kwenye A5. Fundi, nikienda kuiona yadi nipime nini?

Fundi Ngamiani:
Soma saizi na tarehe kwenye tairi zote, pima kina cha meno. Halafu tafuta uwanja mkavu, kata stelingi mpaka mwisho, zunguka polepole kulia na kushoto, vioo chini, redio imezimwa. Ikibana au ikigonga, rudisha ufunguo.