Kwenda Kigali: RwandAir au kupitia Nairobi, ipi nafuu?

Kapteni wa Nchi Kavu: Wakuu habari za mchana. Mwezi ujao natakiwa Kigali kikazi, nimecheki bei za ndege nikashika kichwa. RwandAir au Kenya Airways kupitia Nairobi, ipi ina unafuu? Wazoefu nipeni mwongozo.

Bibie Tulivu: Unatokea wapi? Una mzigo? Unalipa mwenyewe au ofisi? Watu mnauliza nusu swali mnataka jibu zima.

Kapteni wa Nchi Kavu: Natokea Mwanza dada. Nalipa mwenyewe kwanza, ofisi itarudisha (Mungu akipenda).

Ngosha Asilia: Mwanza??? Acha utani mkuu. Uruke mpaka Dar ukaione bahari halafu ugeuze upite tena juu ya bati la nyumba yako? Panda basi. Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa 2025, habari ya kupanga foleni ya kivuko imeisha, unanyoosha Sengerema, Geita, Biharamulo, Benako mpaka Rusumo mpakani, na pale maafisa uhamiaji wa nchi zote mbili mko nao jengo moja.

Bibie Tulivu: Na mgongo wake utamlipia wewe?

Abiria Sugu: Ndege sawa ila usikate tiketi mbilimbili. Mimi nilikata ya Mwanza-Dar kivyake na ya nje kivyake kwa sababu ilikuwa rahisi, ile ya kwanza ikachelewa, mara hali ya hewa, mara ndege haijafika, tumekaa watoto wanalia hakuna hata maji, kufika Dar nakokota begi kutoka Terminal 2 kwenda Terminal 3 naambiwa kaunta imefungwa. Narudi kwa wale wa kwanza wananijibu kavu kabisa, hiyo nyingine haituhusu. Nikanunua upya. Shirika silitaji ila wenyewe wanajijua.

Nai Kwetu: Pitia Nairobi boss, ndege ni mob, nyingi sana.

Ngosha Asilia: Nairobi hii ya Januari 2024? Nyie Wakenya mliinyima ATCL (Air Tanzania) kibali cha kubeba mizigo kati ya Nairobi na nchi ya tatu, sisi tukatangaza KQ (Kenya Airways) mwisho kuja Dar tarehe 22.

Nai Kwetu: Na si hiyo vita iliisha kabla hiyo tarehe ifike? 2020 pia mlifungia KQ yetu. Nyinyi hasira karibu sana.

Mzee wa Pasiansi: Vijana, tulikuwa na East African Airways, shirika moja, likafa 1977 pamoja na jumuiya. Sasa kila nchi inalinda ndege zake. Umoja wa Afrika (AU) ulizindua soko moja la anga 2018, ndege za nchi wanachama ziruke kwa uhuru zaidi, Kenya na Rwanda zikaingia mwanzoni kabisa, sisi tukabaki tunachungulia. Halafu tozo, abiria wa kimataifa kuondoka Dar tu ni dola 40 ya huduma za kiwanja, bado nauli. Hapo bei itashukaje?

Ngosha Asilia: Mzee tukifungua anga kienyeji ATCL itamezwa asubuhi tu.

Mzee wa Pasiansi: Kwa hiyo abiria ndo aendelee kuilisha?

Kapteni wa Nchi Kavu: Wakuu turudi kwenye mada. Kikao ni saa 3 asubuhi na nina boksi la sampuli.

Bibie Tulivu: Saa 3 ya wapi? Kigali wako nyuma yetu saa moja. Na sampuli za nini?

Kapteni wa Nchi Kavu: Dagaa.

Abiria Sugu: Dagaa!! Na ulikuwa unaulizia ndege 😂

Ngosha Asilia: Nyegezi stendi mkuu, nakusubiri.